Kabati la vitabu kwa vipande

Hakuna mtumishi wa umma nchini asiyejua kufungua kitanda. Barua ya uhamisho ikishuka, kinachotafutwa kwanza ni spana. Bolti zinalegezwa, kichwa kinaachana na mbavu, chaga zinafungwa mafungu mawili kwa mpira wa baiskeli, na kitanda cha tano kwa sita kinapanda bodaboda. Kikifika kituo kipya kinasimama jioni ileile, godoro juu, watu wanalala.

Kabati la vitabu halina bahati hiyo. Mafundi wetu wengi hulipigilia misumari na kulimwagia gundi kana kwamba nyumba litakamoingia ndimo litakamozeekea. Ukihama unalibeba zima. Likiwa refu kuliko mlango, mnalilaza, mnalizungusha, mnakwangua vanishi kwenye fremu, na mwisho wake mtu mmoja anasema lililo moyoni mwa wote: aachiwe jirani. Ufipa nimewaona watumishi wengi wakiondoka na vitanda vyao na kuacha makabati. Wanaofika nao hawahangaiki kununua. Ndiyo maana ukiingia nyumba za walimu mwambao wa Ziwa Tanganyika, vitabu utavikuta kwenye ndoo, kwenye maboksi ya sabuni, uvunguni mwa kitanda, mahali ambapo mchwa huvisoma kabla ya wenyewe.

Kipili, kijiji cha mwambao huo, ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili, kwa sababu hakuna kitu kikubwa kinachoingia pale bila kuulizwa kwanza kitabebwaje. Sumbawanga mjini tuko kwenye mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi. Katikati kuna Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, kisha barabara inaanza kushuka, masweta yanavuliwa, masikio yanaziba, na chochote kilichofungwa vibaya juu ya gari kinaanza kugonga. Njia nyingine ni majini: boti za mbao kutoka Kirando na vijiji vya jirani, na meli zinapokuwepo. Njia zote mbili hazipendi kitu kirefu, kipana, chenye pembe.

Anayetaka kabati la vitabu huanzia Sumbawanga, Jumamosi asubuhi, baridi ikiwa haijaachia. Kwa mafundi maranda yanafika kwenye vifundo vya miguu. Vitanda vimesimamishwa kando ya barabara, makabati ya vyombo yanasubiri vioo, milango ya mninga imeegemezwa ukutani. Uliza kabati la vitabu, fundi atakuuliza kama unafungua shule. Hana la kukuonyesha. Ana picha kwenye simu, tena picha ya nyumba ya Ulaya, na anakuhakikishia kwamba hilohilo atalitoa kwa wiki moja. Wiki ya fundi mnaifahamu.

Ukienda kwenye maduka ya fenicha za kutoka nje, kabati moja limesimamishwa mbele, jeupe, linang'aa, limepangwa maua ya plastiki. Mengine yamelala nyuma ndani ya maboksi bapa ya karatasi ngumu. "Unaenda kufunga mwenyewe, bosi," anasema muuzaji. "Kila kitu kimo ndani." Maneno hayo yasikilizwe kwa sikio moja. Ushauri wangu kwa mnunuzi ni kufungua boksi palepale dukani, hata muuzaji akinuna, na kuhesabu skrubu kwa kufuata karatasi. Aangalie unene wa ubao: wa milimita 15 utabeba vikombe na picha ya harusi, wa 18 unaweza kuvumilia vitabu. Halafu ageuze kipande kimoja atazame ukingo wake. Akiona chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ajue kwamba maji ndiyo adui, na kwamba tundu la skrubu kwenye ubao wa namna hiyo halipendi kusumbuliwa mara ya pili.

Wapo pia wanaoagiza Dar es Salaam kwa simu. Boksi linapakiwa kwenye basi, linapita Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kuteremshwa Sumbawanga likiwa na pembe zilizobonyea. Hivyo ndivyo alivyofanya mwalimu mmoja wa sekondari huko mwambao, na ndiye aliyenifanya niandike haya.

Nilifika kwake Kipili wikiendi ya mbalamwezi. Hapa lazima nieleze kidogo kwa msomaji wa bara. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Samaki wanaufuata mwanga, nyavu zinawafuata samaki. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linakuwa na mwanga, taa inapoteza kazi, na boti nyingi zinabaki ufukweni. Kwa hiyo mapumziko ya kweli ya Kipili hayafuati kalenda ya ukutani, yanafuata mwezi. Jumamosi ya giza kijiji kinasinzia mchana, wanaume wamekesha majini. Jumamosi ya mbalamwezi kila mtu yupo. Wanawake wanafua sare za shule ufukweni na kuzianika juu ya majani. Wasabato wanaimba. Vijana wanabishana Simba na Yanga nje ya kibanda umiza tangu saa nne asubuhi, mechi yenyewe ikiwa ni ya jioni. Nyavu zinashonwa, mapaa yanazibwa, na mafundi wanapata wateja walioahidi kuja tangu mwezi uliopita.

Mwalimu alikuwa ametandika mkeka uani na kumwaga vipande juu yake. Watoto wa jirani walishapewa kazi ya kushika skrubu, kila mmoja aina yake, na hakuna aliyekuwa tayari kubadilishana na mwenzake. Karatasi ya maelekezo haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa na michoro ya mtu asiye na nguo wala nywele, anayetabasamu katika kila hatua, jambo lililomkera Mwalimu zaidi kadiri saa zilivyokwenda.

Kwenye uzio alikuwa amesimama fundi wa boti, mzee wa makamo, penseli sikioni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Naona leo umeamua kutunyang'anya kazi."

Hakusema kwa ubaya. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akachukua kile kispana kidogo kilichopinda kama herufi L, akakigeuza geuza, akakirudisha. Kisha akaanza kuvitazama vile vifungio vya duara ambavyo ukivizungusha nusu duara vinavuta kichwa cha skrubu na kubana mbao mbili. Vilimpendeza. Mtu aliyetoboa matundu haya, alisema, alikuwa na kipimo kizuri, kwa sababu kila tundu lilikaa mahali pake bila kulazimishwa. Sifa hiyo aliitoa taratibu, kama mtu anayelipa deni.

Kabati lilisimama saa nane mchana. Lilikuwa linayumba. Ukilisukuma kwa kidole juu, linaegemea kushoto. Ukilivuta, linarudi kulia. Mwalimu alitaka kukaza skrubu zaidi. Fundi akamzuia, akaomba kamba. Akapima kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, akafunga fundo. Akapima pembe nyingine mbili. Fundo likapitiliza kwa upana wa vidole viwili. Kabati halikuwa mraba. Akalisukuma kwa goti hadi fundo likaangukia palepale pande zote mbili, kisha akauliza kile kibao chembamba cha nyuma kiko wapi. Kilikuwa kwenye boksi. Mwalimu alidhani ni karatasi ya kufungashia.

Kibao hicho, chembamba kuliko daftari, ndicho kinacholishika kabati zima. Rafu zinabeba uzito na mbao za pembeni zinasimama, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia umbo la mraba kulegea na kulala upande. Kikipigiliwa nyuma kuzunguka pande zote, kabati haliwezi kuegemea bila kukirarua. Fundi aliligundua hilo kwa haraka kwa sababu boti nayo inajua shida hiyo. Alipigilia vile vimisumari, na kabati likatulia.

Lilitulia hadi masika. Paa lilivuja upande mmoja, maji yakashuka ukutani, na ukingo wa chini ukavimba ukawa na nyufa. Ubao wa chembechembe ukishakunywa maji haurudi unene wake. Mwalimu alipojaribu kulifungua alihamishie chumba kingine, matundu mawili yalimong'onyoka, na vifungio vilivyomfurahisha Fundi vikazunguka bure. Simlaumu aliyelitengeneza. Lilibuniwa lifungwe mara moja, mahali pakavu, likae hapo.

Wazo lenyewe la kuuza fenicha kwa vipande lina historia fupi inayosimuliwa sana Sweden. Ingvar Kamprad alianzisha IKEA mwaka 1943 akiwa na miaka 17. Mwaka 1956 mfanyakazi wake, Gillis Lundgren, alishindwa kuingiza meza kwenye gari, akaing'oa miguu. Kuanzia hapo kampuni ikaona kwamba mteja hachukii kuunga mwenyewe kama bei inashuka na mzigo unaingia garini. Lundgren huyohuyo ndiye aliyebuni mwaka 1979 kabati la vitabu liitwalo Billy: upana sentimita 80, urefu 202. Makabati mengi yanayouzwa kwenye maboksi Kariakoo leo ni wajukuu wa kabati hilo, hata kama hayajui babu yao.

Ule upana wa sentimita 80 una faida yake. Vitabu ni mzigo mzito kuliko vinavyoonekana. Mita moja ya vitabu vya shule inaweza kufika kilo 30. Na rafu ina tabia mbaya: ukiirefusha mara mbili huku ukiijaza vilevile, haipindi mara mbili, inapinda mara 16. Ukiuongeza unene mara mbili, kupinda kunashuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo yule anayemwambia seremala atoe rafu ya mita moja na nusu bila nguzo katikati, eti ukuta uonekane mpana, anaagiza chandarua.

Lakini hadithi ya meza iliyong'olewa miguu inachekesha kidogo ukiisimulia Kipili. Watu wa ziwa hili walishaona makubwa zaidi. Mwaka 1885 wamisionari wa London Missionary Society walishusha majini, upande wa kusini wa ziwa, meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Good News. Ilikuwa imetoka Uingereza kwa vipande, ikapitishwa Zambezi na Ziwa Nyasa, kisha ikavushwa nchi kavu vichwani mwa wapagazi. Aliyebeba kipande cha bamba la chuma kutoka Nyasa hadi Tanganyika hakupewa karatasi yenye mtu anayetabasamu.

Halafu ikaja Liemba. Kabla ya kuitwa hivyo iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa Kijerumani aliyetawala wakati wa Vita vya Majimaji. Iliundwa mwaka 1913 kwenye kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, ikafunguliwa, ikapangwa ndani ya maboksi 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati kuelekea Kigoma. Kiwanda kilituma watu watatu tu kuja kusimamia kazi ya kuiunga upya. Waliobaki, yaani waliokaza, waliogonga na kubeba, wengi wao walikuwa vibarua wa hapahapa. Februari 1915 meli ya urefu wa mita 70 hivi ikashuka majini. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, baada ya kupaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa ikishusha Kipili abiria, sukari, mabati, magodoro na vitanda vilivyofunguliwa, ikielekea Kasanga na Mpulungu, na kurudi ikiwa na magunia ya dagaa wakavu. Wazee waliokwea Liemba kutoka kwenye mtumbwi, mtoto mgongoni na kuku mkononi, bado wanaizungumzia kama jirani.

Nilimsimulia Fundi habari za maboksi 5,000. Hakushangaa sana. Aliuliza swali moja: matundu ya misumari ya chuma yalitobolewa Ujerumani au Kigoma? Nilipomwambia kwamba meli za aina hiyo huungwa kwanza kiwandani kwa bolti, zikakaguliwa, zikafunguliwa, ndipo zikapigwa riveti huko ziendako, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi hata wao waliifunga mara mbili," alisema.

Kabati la pili alilitengeneza yeye, na kazi hiyo nilikwenda kuitazama kwa makusudi. Mwalimu alitoa sharti moja: siku akihamishwa, lishuke kama kitanda. Mjadala wa mbao ulichukua muda mrefu kuliko kazi. Paini ya mashamba ya Sao Hill ni rahisi kuirandia na bei yake inavumilika, ila mwambao huu mchwa hawana adabu. Mkongo ni mgumu, unachosha msumeno na mgongo wa atakayeubeba. Walikubaliana mninga: mbao za moja kwa kumi kwa rafu na mbao za pembeni, zenye stakabadhi na kibali cha kusafirishia cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa sababu Fundi hataki maneno na watu wa kizuizini. Mninga ukikauka vizuri hautikisiki. Mvua na kiangazi vinapita, mlango wake haugomi.

Bolti hakuzitaka. Ziko Sumbawanga, alisema, na zitapotea kwenye boti. Inauma kidogo kusikia hivyo Ufipa, nchi iliyokuwa ikiyeyusha chuma chake yenyewe kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo mabaki yake bado yanaonekana vijijini. Leo bolti inafuatwa dukani mjini. Fundi akachagua kabari.

Kila rafu aliiachia ndimi mbili kila upande, zikatokeza nje ya ubao wa pembeni kwa urefu wa kidole gumba. Kwenye kila ulimi akatoboa kitundu kwa patasi, akaingiza kabari ya mkongo iliyochongwa nyembamba chini, pana juu. Ukiigonga kwa nyundo inavuta ulimi na kubana. Ukiigonga kutoka chini inaruka, na rafu inachomoka. Nyuma, badala ya kibao chembamba, aliweka mbao mbili za kukingama zinazoshikwa na kabari hizohizo. Kisha akafanya jambo ambalo karatasi ya maelekezo ingelihitaji kurasa sita: kwa patasi alitia alama kwenye kila kiungo, mkato mmoja kwenye ulimi na mmoja kwenye tundu lake, mikato miwili kwa miwili, mitatu kwa mitatu. Asiyejua kusoma atalifunga. Gizani pia litafungwa, kwa kupapasa.

Useremala wa kuunganisha kwa ulimi na tundu si mgeni Ufipa. Mabruda wa misheni za Wamisionari wa Afrika, waliofika Karema mwaka 1885 na kuenea milimani, walileta karakana pamoja na makanisa, na vijana wengi walishikia randa hapo kwa mara ya kwanza. Madawati na milango ya wakati ule mingine ipo hadi leo. Kilichopotea ni mteja wa kuagiza kazi ya namna hiyo. Msumari ni wa haraka, na mtu anayelipa kwa awamu hupewa kazi ya misumari.

Bei ilikuwa na vituko vyake. Fundi alianza na laki mbili na themanini. Mwalimu akasema kwa fedha hiyo anapata mawili ya kwenye boksi. Fundi akamjibu kwamba hata moja alilokuwa nalo sasa ni la kuwashia jiko. Mke wa Mwalimu, aliyekuwa akipaa migebuka pembeni, akamaliza kesi: laki mbili na arobaini, nusu sasa, nusu mshahara ukiingia, na kigoda cha jikoni kitokane na masalia ya mbao. Kigoda ndicho kilichokamilika kwanza.

Vitabu vyenyewe si vingi. Kuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu, chapa ya kwanza ya 1981, haina jalada. Kuna Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku shuleni, kwa hiyo kila aliyepita shule enzi hizo aliisoma. Kuna vijitabu vya dini vya kiwanda cha uchapaji cha TMP Tabora alivyorithi kwa baba yake, na vya kisomo cha watu wazima vya miaka ya 1970, wakati vijiji vilipokuwa vikifunguliwa maktaba na watu wazima kufundishwa kuandika majina yao. Vingine ni vya kiada, vya mitihani, na daftari za wanafunzi zinazosubiri kusahihishwa, ambazo kwa uzito zinavishinda vyote.

Uhamisho wa Mwalimu haujatoka. Aliyelifungua kabati kwa mara ya kwanza ni mkewe, akalitoa chumbani akalisimamisha sebuleni ili chumba kipate hewa wakati wa joto; kazi nzima aliimaliza na binti yake kabla ugali haujaiva. Rafu mbili za chini zimebaki za vitabu. Za juu zimechukuliwa na redio, hotpoti na sahani za wageni. Fundi sasa ameagizwa mawili mengine kama hilo, moja la muuguzi wa zahanati, jingine la mwenye duka la nyavu ambaye hana kitabu hata kimoja, na bado anabishana na wote wawili kuhusu nani atalipia mninga.